Aliyepanda Mikaratusi

Mwaka ule wa sabini na tisa Rais hakuwa na mpinzani. Jina lilikuwa moja na picha moja, na uchaguzi wake ulikwisha kabla haujaanza, kwa hiyo ubishi wote wa nchi ulishuka kwa wabunge, na huko nako ukashuka tena kwa madiwani. Ndivyo ulivyofika Alupe, ukaingia nyumbani kwa Okwara bila kupiga hodi. Mkewe Nerima, mchoma makaa, alikuwa anagombea udiwani.

Okwara hakumzuia. Wengine walidhani amejaribu akashindwa, na wengine wakaapa kwamba yeye ndiye aliyemtuma, lakini ukweli ni kwamba alikuwa mtu aliyechoka. Mgongo wake uliumia kwenye stesheni ya Malaba, akipakua saruji kutoka behewani, na tangu hapo alitembea wima kama askari wa gwaride, hawezi kuinama hata kufunga kamba za viatu vyake. Nerima ndiye aliyemfunga asubuhi na kumfungua jioni. Mwanamume anayefungwa viatu na mkewe atamkataza nini?

Kilichomtoa Nerima jikoni kilikuwa amri ya makaa. Msitu umekwisha, walisema wakubwa, na hapo walisema kweli. Basi kuanzia mwaka mpya hakuna kuchoma makaa bila kibali, na kibali kitapewa mtu aliyepanda miti yake katika shamba lake. Ukiisikia mara moja, ni amri nzuri. Ukiisikia mara ya pili unajiuliza ni mwanamke gani wa Alupe mwenye shamba, na wachoma makaa wa pale karibu wote walikuwa wanawake. Aliyeisukuma amri hiyo barazani alikuwa Diwani Okedi, mwenye malori yanayoleta makaa kutoka mbali. Kwa hiyo watu hawakuhitaji kuambiwa nani atawauzia makaa mwaka mpya ukifika.

Nerima alikuwa na neno moja tu la kampeni: kibali apewe aliyepanda, hata kama shamba si lake. Na yeye alikuwa amepanda.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Kwao mwanamke hapandi mti. Atapanda mahindi, mihogo na wimbi mpaka achoke, lakini mti ni mpaka, mti ni urithi, na hayo ni mambo ya wanaume. Mwanamke akipanda mti, walisema wazee, anamchimbia mumewe kaburi. Nyuma ya nyumba ya Okwara kulikuwa na safu ya mikaratusi, minene, imenyooka, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa sauti ni nani aliyeipanda. Walijua. Watoto waliookota kuni walipoisogelea, mama zao waliwaita. Hata Barasa, kaka yake Okwara, ambaye hati ya shamba zima la baba yao ilikuwa kwa jina lake na aliyeuza kila kilichouzika humo, hakuwahi kuigusa. Nerima aliihesabu miti hiyo kuwa shule ya binti yao Nanjala, aliyekuwa anamaliza darasa la saba. Hawakuwa na kitu kingine.

*

Asubuhi ya mkutano Nerima alipiga magoti sakafuni akimfunga mumewe kamba. Mikono alikuwa ameisugua kwa sabuni na jivu, lakini weusi wa makaa ukishaingia kwenye kucha hautoki.

"Baba Nanjala, leo watanitukana," alisema bila kuinua kichwa.

"Si walianza zamani?"

"Leo watakutukana wewe."

Okwara aliutazama utosi wake. Mvi zilikuwa zimeingia, na hakukumbuka ziliingia lini. "Wakinitukana mimi, unataka nifanye nini?"

"Hiyo ndiyo nataka kukuambia. Usifanye kitu. Kaa tu. Mimi nimezoea, wewe hujazoea."

"Na hii maneno ya miti, lazima uiseme?"

"Nisiposema hiyo nitasema nini? Kila mtu anasema barabara. Kila mtu anasema maji. Mimi niko na miti." Alivuta fundo, akalijaribu kwa kidole kama limekaza. "Nimechoka kuficha kitu yenye nilifanya na mikono yangu."

Alisimama kwa kushika goti, akapangusa vumbi kwenye gauni lake la kanisani, wakatoka.

*

Wagombea wote walihutubia mkutano mmoja, kama serikali ilivyotaka, na jukwaa lilikuwa lori la Okedi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na lori. Liliegeshwa katikati ya uwanja wa soko, ubao wa nyuma umeshushwa. Wanaume walipanda kwa kuruka. Zamu ya Nerima ilipofika, alisimama mbele ya ubao ule uliomfika kifuani, na uwanja mzima ukamkazia macho kuona atafanyaje.

"Shika gauni, mheshimiwa!" mtu alipaza sauti, na kicheko kikaenea hadi kwa wauza samaki.

Akurut, mwanamke wa Kiteso aliyekuwa akimnunulia Nerima makaa na kuyauza Malaba, alipenya katikati ya watu na debe tupu, akalifudikiza chini. "Kanyaga hapa, dada. Waache wacheke, meno ni yao."

Nerima alipanda. Alizungumza kwa sauti isiyo kubwa, mikono ameiweka nyuma. Alisema kwamba hapingi amri, msitu kweli umekwisha, na yeye ni mmoja wa waliokuwa wakiumaliza. "Lakini mtu akikata, apande. Na akipanda, apewe kibali. Wasimuulize hati ya shamba, kwa sababu sisi wanawake hakuna mwenye hati. Mimi nilipanda. Miti iko nyuma ya nyumba yangu, kila mtu anaiona. Nilipanda mimi."

Watu walinung'unika. Jambo lililonong'onwa miaka yote lilikuwa limesemwa hadharani, tena na mwenyewe. Okwara, aliyekuwa amekalia kigoda mstari wa mbele, alihisi macho yakimgeukia mgongoni.

Okedi alichukua zamu yake akitabasamu. Alikuwa mtu mnene mwenye utani, na utani wake ndio uliomfanya ashinde mara mbili. "Mimi sina ubaya na huyu mama," alianza. "Chai yake nimekunywa. Nauliza tu. Baraza linakaa Busia mpaka jioni. Sasa mzee Okwara atakula nini? Na viatu vyake atafungwa na nani?"

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Okwara aliona uso ukimchoma. Alikuwa amedhani jambo la viatu linaishia mlangoni kwake.

"Amesema mwenyewe amepanda miti," Okedi aliendelea. "Si mimi nimesema. Sasa nyinyi, kuku jike akiwika kwenu, mnafanya nini?"

"Tunachinja!"

"Mzee Okwara, hebu simama tukuone, kama bado unapumua."

Okwara alisimama, polepole, kwa fimbo. Alimtazama Nerima kule juu ya lori, aliyekuwa ameinamia miguu yake mwenyewe, na moyo ukamuuma kwa huruma. Aliona jinsi litakavyomganda jina la muuaji wa mume, siku yoyote yeye Okwara atakayokufa, hata akifa kwa uzee. Akaona kwamba ana uwezo wa kumsafisha kwa neno moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwa miaka mingi kuona ana uwezo wa jambo lolote.

"Hiyo miti nilipanda mimi," alisema.

Vichwa viligeuka, kutoka kwake kwenda kwa Nerima.

"Huyu mama alinishikia miche tu. Hii ingine ni maneno ya kampeni." Watu walikuwa wameanza kutabasamu, na tabasamu zile zilimpa joto, akaongeza neno ambalo hakuwa amelipanga: "Si mnajua wanawake."

Walishangilia. Walipiga makofi, kofia zikarushwa, mtu akamshika Okwara mkono na kuutikisa. Kila mmoja pale alijua mgongo wa Okwara uliumia lini na ile miti ilichipua lini, na aliyetaka kuhesabu angehesabu. Hakuna aliyetaka. Uongo unaowafurahisha watu hauulizwi shahidi.

"Asante, mzee," alisema Okedi kwa upole. Nerima alishuka peke yake. Debe lilikuwa limeshapigwa teke.

*

Nyumbani hakumfungua viatu. Alimpita, akavua gauni la kanisani, akavaa la kazi, akaenda kwenye tanuri lake la udongo kuziba matundu ya moshi. Okwara alimngojea kitini kwa muda, kisha akamfuata, viatu miguuni.

"Nilikuwa nakusaidia," alisema.

"Najua."

"Wangekuita mchawi."

Nerima alichota udongo kwa viganja, akaupigapiga juu ya tundu. "Wameniita hivyo miaka yote, Baba Nanjala. Unafikiri ni nini ilikuwa inalinda hiyo miti?"

Okwara hakuelewa.

"Kaka yako alikata mvule ya baba yenu. Akakata miti ya mpaka. Akauza mpaka visiki. Umewahi kujiuliza kwa nini mikaratusi hakugusa? Si heshima. Aliogopa. Mti wa mwanamke, mwenye kuukata, ile kifo ya mume inamhamia yeye. Hiyo mwiko yao ndiyo ilikuwa ua yangu. Sikulipa askari, sikuweka waya. Niliwaacha waogope." Alichota udongo tena. "Leo umeitoa. Miti umepanda wewe, mwanaume, kwa shamba yenye hati ni ya Barasa. Kuna nini tena ya kuogopa?"

"Barasa ni ndugu yangu."

"Ndiyo maana hatachelewa."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha Okwara. Angemfokea, angejua pa kujitetea. Nerima alikuwa amechoka tu. Aliketi kando ya tanuri, mgongo kwake, akitazama moshi unaofifia.

"Kura pia umenipotezea," alisema baadaye. "Lakini kura ningepoteza tu. Hiyo sikulaumu."

Mdomo uliponza kichwa, ndivyo wasemavyo. Wa Okwara uliponza kichwa kisichokuwa chake. Jioni ile aliona haya kumwomba Nanjala amfungue kamba, akalala na viatu.

*

Sauti ya shoka ilimkuta akinywa uji. Alipofika nyuma ya nyumba mikaratusi miwili ilikuwa chini, na wa tatu ulikuwa unalia kwenye kisiki. Barasa alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, na wanaume wawili wakata miti kutoka Amukura walikuwa kazini bila mashati. Majirani walianza kusogea kwenye ua wa minyaa.

"Ndugu yangu!" Barasa alimkaribisha kama mgeni. "Jana uliongea kama mwanaume. Nilifurahi sana. Mambo ya baba yetu yamerudi mahali pake. Lori ya mheshimiwa inakuja kubeba."

Mti wa tatu ulianguka.

"Barasa, simamisha watu. Nilidanganya."

"Ulidanganya lini? Jana ama leo?"

Mtu mmoja kwenye ua alicheka. Okwara mwenyewe aliona kwamba swali lilikuwa zuri.

"Anatetea mali," Barasa aliwaambia wakata miti. "Endeleeni."

Lakini yule mkubwa wao alikuwa ameshusha shoka. "Mzee anasema nini? Nani alipanda?"

"Alipanda mke wangu," Okwara alisema.

"Alipanda yeye! Soko yote ilisikia!" alifoka Barasa.

Okwara aliangaza huku na huku. Jembe la Nerima lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Alilichukua, akarudi nalo mpaka kwenye nafasi tupu kati ya visiki. "Sawa," alisema. "Ngojeni niwaonyeshe vile nilipanda."

Alitanua miguu. Alishika mpini kwenye ncha kabisa, akalinyanyua jembe, akaliachia. Lilikwaruza nyasi. Akanyanyua tena, likakwaruza tena, kama kuku anayetafuta punje. Hakuna aliyecheka sasa. Ili jembe liingie ardhini lazima mgongo uende nalo, na mgongo wake haukwenda. Mara ya tatu aliulazimisha. Kitu kilimkata kiunoni, akaanguka kifudifudi mbele ya kaka yake na majirani wote wa Alupe, udongo ukamjaa kinywani.

Alijaribu kujiinua akashindwa. Akatema.

"Mmeona?" alisema akiwa pale chini, bila kumtazama mtu, maana hakuweza kugeuza shingo. "Hiyo miti ilipandwa mimi nikiwa kitandani. Nilikuwa nasikia jembe nikiwa ndani. Siwezi kuchimba hata shimo ya mhogo. Alipanda Nerima, yote. Jana niliogopa aibu nikasema uongo. Sasa kata, na ukikata, chukua kifo chako."

Yule mkata miti mkubwa alilaza shoka chini taratibu. Mwenzake alikuwa ameshaanza kujifuta viganja kwenye majani, kwa nguvu, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. "Na hii tumekata?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Upuuzi!" Barasa alisema. "Mambo ya zamani! Mimi ni mkristo! Kateni, nimewalipa!"

"Basi kata wewe, mzee." Mkata miti aliokota shoka, akamwelekezea mpini.

Barasa aliutazama mpini ule. Majirani walimtazama yeye. Aliinua mkono kidogo, akaurudisha nyuma ulikokuwa, akasema kwamba atarudi na chifu, na kwamba haya mambo hayajaisha. Akaondoka kwa haraka kidogo kuliko ilivyompasa mtu mwenye hati ya shamba.

Nerima alikuwa ametoka kwenye tanuri, mweusi mpaka viwiko. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alimwingiza mumewe mikono chini ya makwapa, akamvuta mpaka kwenye kisiki, akamkalisha. Akamfuta udongo mdomoni kwa kiganja, na badala ya udongo akamwachia masizi. Kisha akachutama mbele ya watu wote, akaanza kumfungua viatu.

"Umelala navyo," alisema.

"Ndiyo."

"Miguu imevimba."

Okwara alitaka kusema samahani. Alilia.

*

Okedi alishinda. Ushindi wake haukumshangaza mtu. Kura za Nerima zilikuwa za wanawake wa makaa na jamaa za Akurut, na inasemekana na za wanaume wachache ambao mpaka leo hawajakiri. Chifu hakuja. Ile mikaratusi iliyoanguka ililala pale pale, maana lori la mheshimiwa lilipofika dereva alisikia habari, akageuza. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuigusa. Nerima aliipasua mwenyewe, akaichoma katika tanuri lake la mwisho kabla mwaka haujageuka na amri haijaanza, Akurut akayauza makaa, na Nanjala akapelekwa shule kwa muhula mmoja. Wa pili ungejijua wenyewe.

Baada ya hapo kibali hakikupatikana. Aliyepanda hakuwa na shamba, na mwenye shamba hakuthubutu kukata, kwa hiyo miti iliyobaki ilisimama tu, inanenepa, haimfai yeyote. Nerima aliketi sokoni akiuza kwa debe makaa ya Okedi. Watu walipita wakamwita mheshimiwa, na yeye aliwapimia, akawarudishia chenji.

Mvua za mwezi wa tatu ziliponyesha, alileta miche mitatu nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba. Okwara alichukua kigoda chake. Zamani, Nerima alipofanya jambo kama hilo, yeye alikaa ndani. Safari hii alikipeleka kigoda mpaka kando ya njia, akaketi wima mahali ambapo kila apitaye atamwona.

Alipita mwalimu, akasalimu. Wakapita wanawake watokao kanisani. Mwisho akaja Barasa na mwavuli, akasita.

"Mnapanda tena?"

"Mimi sipandi," Okwara alijibu, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Mke wangu ndiye anapanda. Mimi namwangalia."

Jembe la Nerima lilisimama hewani kidogo, kisha likashuka. Barasa aliutazama mche, akakunja mwavuli kama apitaye karibu na kaburi, ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha, akavuka, akapita upande wa pili wa njia.